Nyuzi za Baba Nilizozilegeza

Kijiji cha Bashay,
Kwa mkono wa Mwalimu wa kwaya Nicodemo,
S.L.P. Mbulu,
Arusha.

13 Novemba 1983

Mpendwa kaka Basili,

Shikamoo kaka. Nimeitanguliza salamu hii kabla ya lolote kwa sababu yaliyo mbele yatakufanya uone nimekukosea adabu. Ukifika huko, ukumbuke kwamba nilianza kwa kukuamkia.

Hamjambo huko Masasi? Wifi Genoveva anaendeleaje, na kile kikohozi chake kimepona? Na mtoto, ambaye tunamjua kwa picha moja tu aliyopigwa akilia, ameshaanza kusema maneno yanayoeleweka? Mama anauliza kama mnapata maziwa huko. Ameuliza katika barua tatu, na mara zote tatu umetuandikia habari za korosho. Safari hii mjibu maziwa.

Sisi huku tu wazima, kwa kipimo cha watu waliofiwa. Mama anakula, analala, na anaamka kabla ya kuku kama zamani. Macho yake ndiyo yanayomsumbua, sasa anamtambua mtu kwa mwendo kuliko kwa sura. Shangazi Helena bado yuko nasi tangu mazishi. Kila Jumapili anasema ataondoka wiki ijayo, na tumeshazoea kumwandalia kitanda.

Mvua bado. Tumepanda maharage kule bondeni penye unyevu, shamba la juu tunalitazama tu. Ng'ombe mweusi amezaa ndama jike, ana alama nyeupe kwenye paji la uso, nawe hukuwepo kumpa jina kwa hiyo nimempa mimi. Sukari hakuna, sabuni tunagawana kipande, na mafuta ya taa tunayatunza asije mtu akaugua usiku. Hayo mnayo huko pia, najua, kwa hiyo sitayarefusha.

Barua yako ya tarehe mbili Oktoba ilifika baada ya wiki tatu. Kuhusu mazishi usijilaumu tena, hakuna hapa anayekulaumu. Simu ya maandishi ilikufikia siku nne baada ya Baba kuwekwa kaburini, na hata ungepata gari siku ileile ungekuta tunafagia uwanja. Tulimzika vizuri. Madereva wenzake wa mashamba ya ngano walikuja kwenye lori kutoka upande wa Katesh, katikati ya mavuno, vumbi la ngano likiwa bado kwenye nyusi zao. Sulle, yule aliyekuwa akipokezana naye kombaini, alilia kuliko sisi.

Umeandika kwamba katika vitu vya Baba hutaki shamba wala ng'ombe, unataka gitaa tu. Halafu ukapiga mstari chini ya maneno haya: lisiguswe, nyuzi zibaki vilevile alivyoziacha, ili nikija nizisikie. Nilikuwa nasoma kwa sauti, Mama na Shangazi wanasikiliza. Nilipofika hapo nikanyamaza, nikasingizia mwandiko wako.

Kaka, nyuzi nilizilegeza. Nilizilegeza kwa mikono yangu mwenyewe, siku ya pili ya msiba.

Naomba usome mpaka mwisho kabla hujaitupa barua hii. Unajua ukoo wetu unavyofanya. Nyumba ikifiwa, vitu vyenye sauti hupumzishwa mpaka siku arobaini ziishe. Shangazi Helena alipofika tu alizunguka nyumba nzima akitoa amri. Kengele ya ng'ombe anayetangulia ikafunguliwa shingoni. Betri zikatolewa kwenye redio. Kisha akaliona gitaa ukutani, akaniambia nilinyamazishe, kama walivyolinyamazisha zeze la babu alipokufa. Nikalishusha, nikazungusha vigingi kimoja kimoja mpaka nyuzi zote sita zikalala kwenye mbao kama nyasi zilizokatwa. Nilikuwa nalia, na nilijiona nafanya jambo la heshima.

Arobaini ilipoisha tulirudisha betri, redio ikasema. Tukarudisha kengele, na ikalia sauti ileile kwenye shingo ileile. Nami nilikuwa mjinga kiasi cha kudhani gitaa nalo ni hivyo, kwamba utazungusha vigingi kurudi ulikotoka na Baba atakuwa humo anasubiri. Nilipolishika ndipo nikagundua kwamba sijui nizungushe mpaka wapi. Nikalirudisha ukutani, sikumwambia mtu. Wiki mbili baadaye barua yako ikaja na ule mstari wako.

Niruhusu nirudi nyuma kidogo, kwa sababu wewe unayajua zaidi mambo ya chuo kuliko ya nyumbani. Gitaa lile Baba alilipata kule mashambani kwa fundi mmoja wa Iringa aliyekuwa anahama, wakabadilishana kwa kondoo dume. Hakuwa na mwalimu. Na mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshaharibika. Mkanda wa kombaini ulishaukamata mwaka wake wa kwanza wa kazi, kwa haraka yake mwenyewe, na vile vidole viwili vya mwisho vilibaki vimejikunja, havinyooki wala havibonyezi. Mtu wa namna hiyo hawezi kushika gitaa kama ninyi mnavyoshika.

Kwa hiyo alilitafutia gitaa njia ya kukubaliana na vidole vilivyobaki. Sulle anasema ilimchukua msimu mzima. Jioni wakitoka mashambani anakaa nje ya kambi, anashusha uzi huu, anapandisha ule, anasikiliza, anashusha tena. Mpaka ikafika mahali ambapo ukipitisha kidole gumba kwenye nyuzi zote bila kushika kitu, zinaitikiana zenyewe. Kidole gumba kikawa kinanguruma chini kama kombaini iliyosimama na injini inawaka, na vile vidole viwili vizima vinaimba juu yake.

Hivyo ndivyo alivyoutunga wimbo wa wingu. Unaukumbuka. Kwamba yeye kule tambarare analiona wingu juu ya mlima Hanang, na Mama huku juu analiona wingu hilohilo kwa upande wa pili, basi walitumie wingu kusalimiana mpaka mwisho wa mwezi. Si wimbo wa maana kwa watu wengine. Kwa Mama ndio barua zote alizowahi kupata, kwa sababu Baba hakuwa mtu wa kalamu.

Sasa jambo ambalo najua hujalisahau. Ilikuwa mwaka 1977, siku ya Kipaimara changu. Ulikuwa umerudi likizo kutoka chuo cha ualimu, una saa mkononi na maneno mapya. Asubuhi ulikaa nyuma ya nyumba na gitaa la Baba na lile daftari lako lenye jalada la kijani. Mimi nilikuwa nimevaa gauni jeupe na nimekatazwa kukaa chini, kwa hiyo nilisimama nikikutazama. Ulikuwa unapiga uzi mmoja, unaimba mdomoni kulitafuta jina lake, unaandika. Unapiga mwingine, unaandika. Nilipouliza, ulisema unataka kuwaonyesha wenzako chuoni jinsi wazee wanavyotyuni, mcheke kidogo.

Ulipoziandika zote sita, ukazikaza upya kwa namna ya chuo. Kutoka uzi mnene kwenda mwembamba: mi, la, re, so, ti, mi. Ukanifundisha nizitaje, na nilizikariri haraka kuliko maswali ya katekisimu. Nilijiona nimesoma.

Baada ya chakula watu wakamwomba Baba wimbo. Alisimama na koti lake, akatanguliza mguu wa kulia kama kawaida yake, akapitisha kidole gumba. Unajua kilichotoka. Akajaribu tena, akatazama vidole vyake, akatazama nyuzi. Watu wakacheka, si kwa ubaya, walidhani ni pombe. Nawe ukasema ukiwa umekaa, mbele ya wageni wote, "Baba, dunia nzima gitaa linatyuniwa hivi. Ile ya kwako ilikuwa makosa."

Baba akaliegemeza gitaa ukutani. Akasema, "Leo vidole vimechoka," akaomba maji ya kunawa. Ndivyo ilivyoisha.

Sikukumbushi ili kukuumiza. Ulikuwa kijana, na mimi pia nilicheka. Nilicheka kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa unajua, na nilitaka kuwa upande wa anayejua. Ulipoondoka alirudisha nyuzi zake, lakini tangu siku ile hakupiga tena mbele ya watu. Alimpigia Mama tu, mchana Mama akichambua maharage, na sisi tukiingia anaacha.

Basi baada ya barua yako nililifunga gitaa kwenye gunia, nikalibeba mpaka parokiani kwa Mwalimu Nicodemo wa kwaya. Nilitaka anisaidie kulirudisha kama Baba alivyoliacha, kimyakimya, kabla hujafika. Nakiri nilipanga kukudanganya. Nilijua ukilipiga likasikika la zamani hutauliza kitu, na siri yangu ingekufa nami.

Nicodemo alilitoa kwenye gunia taratibu kama mtu anayelifahamu. Akaniuliza, "Kama alivyoliacha? Nilifunge ule mtindo wake wa zamani, au huu tuliokuwa tunafundishana?"

Sikumwelewa. Akanikalisha kwenye benchi la kwaya, akanieleza. Tangu mwaka jana baada ya mavuno, kila baada ya Jumapili mbili, misa ikiisha na watu wakishatawanyika, Baba alikuwa anamjia na gitaa ndani ya gunia la ngano. Alimwomba alityuni kama Basili alivyolityuni siku ile. Halafu akamwomba amfundishe wimbo wako wa Pasaka, ule uliotunga chuoni ukatuachia hapa kwaya inauimba. Nicodemo alimwambia kwa mkono ule haitawezekana. Baba akasema vidole vina muda, havina kazi nyingine.

Alijifunza kwa miezi saba, kaka. Mzee wa miaka sitini na mbili, kifua kimejaa vumbi la ngano ya miaka yote ile, anakaa kwenye benchi la watoto na kurudia mstari mmoja. Nicodemo anasema alifika mwisho wa ubeti wa kwanza na nusu ya kiitikio. Zaidi ya hapo mkono ulikuwa unatetemeka, anauweka gotini mpaka utulie.

Nilirudi nyumbani na gitaa mgongoni, sijui hata nilipita njia ipi. Mama alikuwa anapepeta. Nilimuuliza kama alijua. Akaendelea kupepeta mpaka ungo ukawa mweupe ndipo akajibu. "Alitaka Basili asikie mwenyewe akifika," akasema. "Alinikataza kusema."

Uliandika kwamba mtakuja Pasaka, wote watatu. Tunajua kilichotokea, daraja lilichukuliwa na maji na mafuta hayakupatikana, ulieleza na tukaelewa. Lakini Jumamosi Kuu Baba alinyoa ndevu mapema, akavaa koti, akakaa mlangoni kwenye kigoda hiki ninachokikalia sasa ninapokuandikia. Gunia lilikuwa miguuni pake. Mimi nilipita na ndoo nikamtania, nikamuuliza kama anakwenda kulirudisha gitaa Iringa adai kondoo wake. Alicheka. Alikaa hapo mpaka ng'ombe wakarudi, kisha akaingia ndani kula.

Mama anasema kuanzia siku hiyo Baba alidhani hukuja kwa sababu ya gitaa. Alidhani bado unamwonea aibu. Sijui kama ni kweli, na sikuulizi ili unijibu mimi. Lakini ulipiga mstari chini ya maneno yale, nami nafahamu mtu hapigi mstari hivihivi. Wewe ulitaka kuja kuzisikia nyuzi zake, na yeye alikuwa ameshaziacha ili azisikie zako. Mmepishana njiani, na mimi ndiye niliyebaki nimeshika gunia tupu.

Kwa hiyo nilichokilegeza siku ile ya msiba hakikuwa cha Baba. Kilikuwa chako. Nilipolijua hilo nilipata nafuu kwa muda wa kupumua mara moja, halafu nikaona kwamba hali ni mbaya zaidi. Mtindo wako upo kwa kila mwalimu wa kwaya toka hapa mpaka Masasi. Ule wa Baba haupo popote. Aliufungua mwenyewe mwaka jana kwa ajili yako, na hakuna mtu aliyeusikiliza kwa makini isipokuwa wewe, asubuhi ile, kwa nia ya kuucheka.

Tumejaribu. Nicodemo alikuja hapa nyumbani siku mbili, Mama akawa anaimba na yeye anatafuta. Mama anakumbuka kwamba uzi mnene kabisa na ule wa nne zilikuwa sauti moja, mmoja wa baba na mmoja wa mtoto. Anakumbuka kwamba mwembamba kabisa haukuwa umekazwa kama wenu, ulikuwa umeshushwa. Nyingine tatu hazikumbuki. Nicodemo aliupiga wimbo wa wingu kwa mtindo wa chuo, na aliupiga vizuri bila kukosea hata mahali pamoja. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akamkaribisha uji. Alipoondoka akaniambia, "Maneno ni yake, lakini yeye hayumo."

Na hatuwezi kuendelea kujaribu. Nyuzi zenyewe zimeshika kutu. Mbili ni zile alizozisuka kwa waya wa breki ya baiskeli, unakumbuka. Nicodemo alipomaliza alizilegeza, akazipitisha kidole, akasema zitavumilia kukazwa mara moja tu tena, na baada ya hapo tusiziguse. Tukizikaza kwa mtindo wenu, ule mwembamba huenda ukakatika hata mara hiyo moja. Mtindo wa Baba ulikuwa mlegevu, ungeziacha ziishi. Nyuzi mpya hakuna Mbulu, hakuna Babati. Sulle alizitafuta mpaka Arusha mjini, akarudi na pakiti ya chumvi.

Sasa kila mtu ana lake. Nicodemo anaomba gitaa kwa ajili ya kwaya, maana la parokia limepasuka tumbo. Analiomba kwa upole, lakini kwaya yake inapiga kwa mi, la, re, so, ti, mi, na hawezi kusimama mbele ya watu na kitu kingine. Anasema Baba mwenyewe ndiye aliyeuchagua mtindo huo mwishoni, basi tumheshimu. Shangazi Helena anasema lililolala lilale, tulitundike bila nyuzi. Siku hizi anaongea kidogo, nadhani anajua amri yake ilivuta nini.

Mama anataka wimbo wa wingu mara moja tu, kwa nyuzi zilizoutunga. Hajasema kwa maneno haya. Amesema macho yanaondoka na angependa kitu cha kubaki nacho. Anasema wimbo wako wa Pasaka ni mzuri, kanisa zima linaujua, hautapotea hata usipopigwa na mtu wa nyumba hii.

Mimi nimewaambia wote wasubiri Krismasi. Nimesema kwa sauti kubwa, na kwa mara ya kwanza walinisikiliza. Nicodemo amekubali kungoja mpaka Mwaka Mpya, si zaidi, kwa sababu kwaya inajiandaa kwa ziara ya Askofu.

Kaka, nakuomba jambo moja. Litafute lile daftari la kijani. Angalia kwenye masanduku, muulize wifi, tazama chini ya vitabu vya shule. Nakumbuka uliandika ukurasa wa mwisho kwa ndani, herufi sita, kwa kalamu ya risasi. Kama ulilichoma au ulilipoteza niambie ukweli, usinipe matumaini ya bure. Nitamwambia Mama mimi mwenyewe, na nitampa Nicodemo gitaa.

Na ukilipata, usinitumie herufi hizo kwenye barua. Nimelifikiria sana hili na nimeamua kuwa mkaidi. Nicodemo anaweza kukaza nyuzi kwa herufi sita za barua, lakini hataweza kumpigia Mama. Wewe peke yako ulimsikia Baba kwa karibu na unajua kuupiga wimbo. Likizo yako inaanza Desemba. Njoo na daftari, uzikaze wewe, mara hiyo moja zinayoweza, kwa mtindo utakaouchagua wewe. Ukichagua wako sitasema neno. Ukichagua wa Baba ukae kwenye kigoda hiki umpigie Mama, naye anachambua maharage, na hakuna atakayeingia.

Kuhusu mimi kukulegezea nyuzi, nisamehe. Nimekwenda kuungama, padre amenipa sala tatu tu, nami naona zilikuwa chache.

Mama anakusalimu, anasema uvae sweta ukifika Babati kwa sababu umeshasahau baridi yetu. Shangazi Helena anakusalimu. Sulle anakusalimu, na Nicodemo, na kwaya yote. Msalimie sana wifi Genoveva, na umbusu mtoto kwenye paji la uso kwa niaba ya bibi yake. Mungu awafungulie njia, madaraja yote yawe mahali pake, na aliyelala apewe raha asiyoipata kwenye vumbi.

Ndani ya bahasha utakuta kipande cha mpira mweusi kimeshonewa kijipande cha pembe ya kondoo. Usikitupe ukidhani ni takataka. Nilikikuta chini ya gunia, nikamuuliza Sulle, akasema alikikata yeye kwenye mpira wa ndani wa trekta, Baba alimwagiza. Alikivaa kwenye kidole cha pete, kile kilichokufa, ili pembe ibonyeze uzi mahali kidole kisipofika. Bila hicho asingeweza kuushika wimbo wako. Mimi nimekijaribu, kimenipwaya. Mama naye kimempwaya. Kijaribu na wewe kabla hujaanza kulitafuta daftari.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda hata nikikukasirikia,

Verediana Yoakimu